Pishi ya Karafuu na Bei ya Nguo

Mara nyingi twaulizana: mbona kwa pishi zile zile twanunua nguo chache? Wataalamu wenyewe hawakupatana. Bwana David Ricardo wa Uingereza aliandika mwaka 1817 ya kuwa kila nchi itoe kile ikiwezacho vizuri zaidi, ibadilishane na wenzake, na wote watafaidika. Mfano wake ulikuwa nguo za Uingereza na mvinyo wa Ureno. (Naye alitajirika kwa soko la hisa la London, si kwa jembe.)

Mwaka 1949 Bwana Raúl Prebisch wa Argentina alimpinga: bei ya mazao, ikipimwa na ya vitu vya viwandani, hushuka miaka ikienda, basi wauza mazao nao wajenge viwanda.

Twaona Prebisch yu karibu zaidi nasi, ila msiba wetu ulizidi. Indonesia, mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake za kretek, ilipanda mikarafuu yake yenyewe, na miaka ya 1980 bei ikaanguka. Pemba kipo kiwanda kikenekacho mafuta ya makonyo, na ujira wa kazi hiyo hubaki kwetu Visiwani. Lakini Indonesia nayo hukeneka ya majani, tena kwa wingi.