Kutu, Gari Kuukuu na Pepopunda

Msomaji, huenda nyuma ya nyumba yako hapa Kaplong kuna Peugeot 504, aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, nawe wataka kuifufua. Fahamu haya kwanza.

Wengi huamini kwamba kutu huleta pepopunda. Sivyo. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na mavi ya ng'ombe. Bati lililoliwa na kutu huvipenyeza tu ndani ya nyama. Gari lililolala kando ya zizi ni la kuogopwa zaidi.

Ukikatwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Chanjo ya utotoni haidumu maisha yote: kwa kidonda kichafu, ikiwa miaka 5 imepita tangu sindano ya mwisho, utadungwa nyingine. Usingoje taya likaze. Dalili huanza baada ya siku 3 hadi 21, na wakati huo kuokoa maisha ni kazi ngumu.

Rangi ya zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Ilowanishe kabla ya kupiga msasa, na watoto wakae mbali. Ukishika grenda, vaa miwani ya kazi.