Tundu la Sabufa: Pima Hewa Kabla ya Kukata Mbao

Mafundi wengi wanaounda boksi la sabufa nyumbani huchagua spika kwa makini na mbao kwa makini, kisha ule mfereji wa mstatili wa ubavuni wakaukadiria kwa macho. Besi hupotelea hapo. Haya ndiyo maswali wanayoniuliza zaidi.

Tundu hilo lina kazi gani hasa?

Hewa iliyomo boksini ni springi. Hewa iliyomo kwenye mfereji ni mzigo uliofungwa kwenye springi hiyo, na vikitetema pamoja hutoa mtetemo wao maalumu. Puliza mdomo wa chupa tupu ya soda, kisha itie maji nusu upulize tena: sauti itapanda, kwa sababu nafasi ya hewa imepungua. Boksi lako hufuata kanuni hiyohiyo, aliyoieleza mwanasayansi wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, katika karne ya 19.

Urefu wa mfereji nitaupataje?

Chukua eneo la mdomo kwa sentimita za mraba, zidisha kwa 30,000. Gawanya kwa ujazo wa boksi kwa lita, kisha gawanya mara mbili kwa hezi unazozitaka.

Tuseme spika ni ya inchi 12, boksi lita 55, shabaha hezi 34, na mdomo una kimo cha sentimita 30 na upana wa 5, yaani eneo la 150. Jibu ni karibu sentimita 70. Toa kama 10, kwani hewa iliyo nje kidogo ya ncha mbili za mfereji nayo hutetema. Inabaki 60. Kama boksi halina kina hicho, pindisha mfereji kona kwenye ukuta wa nyuma, upime urefu katikati ya njia. Ncha ya ndani iachie nafasi isiyopungua upana wa mfereji, yaani sentimita 5.

Kwa nini maboksi mengine hufoka kama pampu?

Mdomo ni mdogo, hewa inapita kwa kasi mno. Jitahidi isizidi mita 17 kwa sekunde. Kwa makadirio, weka sentimita za mraba 2.5 hadi 3.5 za mdomo kwa kila lita ya boksi, na kingo za ncha zote mbili zilainishe kwa msasa mpaka ziwe duara. Ila kumbuka: ukipanua mdomo, urefu nao unaongezeka.

Kosa gani linaharibu maboksi mengi?

Kusahau kwamba mfereji unakula nafasi. Boksi langu la kwanza nililikata lita 55 kamili. Hewa ya mfereji ikachukua lita 9, ubao wake wa milimita 18 ukachukua 3, spika nayo kama 3. Zikabaki 40, na mtetemo ukapanda kutoka hezi 34 hadi 40. Mdundo ulikuwa na nguvu, lakini noti za chini kabisa hazikusikika. Ningekata lita 70 tangu mwanzo.

Nitajuaje kwamba nimepatia?

Usigundishe ubao wa mwisho wa mfereji. Ushikize kwa skrubu, na uuache mrefu kidogo, maana kupunguza ni rahisi kuliko kuunga. Funga boksi, cheza toni za hezi 25 hadi 50 kutoka kwenye simu, sauti ikiwa ya wastani, na ugusishe kidole kwenye koni. Kuna mahali koni itakaribia kutulia huku hewa ikikupuliza mkono mdomoni mwa mfereji. Hizo ndizo hezi za boksi lako. Zikiwa chini ya shabaha, punguza ubao kidogo kidogo.

Chini ya hezi za boksi koni hukosa cha kuizuia na inaweza kukatika, kwa hiyo kwenye amplifaya kata sauti zilizo chini ya hezi 30. Kidole kikikuthibitishia, tia gundi.