Dhamana Kabla ya Kukamatwa: Kinga ya Mjenzi

Nchini India, mwenye kiwanja na mjenzi wakigombania mkataba, mmoja huweza kukimbilia polisi na kudai ametapeliwa. Anayehofia kukamatwa huweza kuomba dhamana mapema Mahakama Kuu, chini ya kifungu cha 482 cha sheria iliyoanza Julai 1, 2024, kilichorithi kifungu cha 438 cha sheria ya 1973.

Swali kubwa ni hili: je, nia ya kudanganya ilikuwapo tangu mkataba ulipofungwa? Kuchelewa kujenga pekee ni kesi ya madai, si jinai.

Mwaka 2020 Mahakama ya Juu iliamua kuwa, kwa kawaida, dhamana hiyo haiwekewi muda. Hata hivyo haifuti kesi. Mshukiwa akiamriwa kwenda kuhojiwa na polisi, lazima aende.