Hivi Ziwa Nalo Lina Kiingilio? Somo Kuhusu Mapumziko ya Familia Jijini Mwanza



Mwaka jana, wakati wa likizo, sisi mafrateri wawili tulipangiwa kuwasaidia watoto wa Utoto Mtakatifu katika parokia moja ya jijini Mwanza. Tulitaka kuwafurahisha, tukapanga safari ya ufukweni: basi la kukodi, pilau, soda na kiingilio cha mahali penye bembea. Kila mzazi akaombwa mchango. Siku ilipofika, watoto waliolipiwa walipanda basi wakiimba. Wengine, karibu nusu ya kundi, walisimama getini na sare zao zimefuliwa vizuri, wakitutazama. Hakuna aliyewaita. Walikuja wenyewe, labda wakidhani nafasi itapatikana. Basi likaondoka.

Jioni ile mama mmoja wa jumuiya alituuliza, tena bila hasira: "Mafrateri, hivi ziwa nalo lina kiingilio?" Tulikosa jibu. Nyumba yake iko juu ya kilima cha mawe, na kila asubuhi akifungua mlango ziwa liko mbele yake. Mwanawe alikuwa mmoja wa wale waliobaki getini.

Somo hili ni jibu letu kwa mama yule, ingawa limechelewa. Tumeligawa katika sehemu nne: mapumziko ni ya nani, Kanisa linafundisha nini, familia isiyo na fedha inaweza kwenda wapi, na mambo ya kuzingatia.

1. Mapumziko ni ya nani?

Neno letu "shule" tulilipata kwa Wajerumani walipotawala nchi hii. Wao walilitoa katika Kilatini, na Kilatini kikalitoa katika Kigiriki, ambako neno lenyewe, skole, lilikuwa na maana ya wasaa, yaani muda ambao mtu hasukumwi na kazi. Kwa Wagiriki mtu alijifunza alipokuwa na nafasi ya kutulia na kutazama mambo yalivyo. Aristotle anafundisha kwamba tunafanya kazi ili tupate wasaa, wala hatupati wasaa ili turudi kazini tukiwa na nguvu zaidi. Kwake mapumziko yana thamani yenyewe, kwa kuwa ndipo mtu anapokuwa mtu kamili.

Fundisho hili ni zuri, lakini lina kasoro moja kubwa. Wasaa wa Aristotle ulikuwa wa wachache. Ili bwana mmoja wa Athene akae kivulini akitafakari, ilibidi mtumwa alime, mtumwa apike, mtumwa achote maji. Hao hawakuhesabiwa kuwa watu wa wasaa.

Sasa tufungue Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, aya ya 12 hadi 15. Amri ya Sabato inawataja kwa majina wanaopaswa kupumzika: mwana na binti, mtumishi wa kiume na wa kike, ng'ombe, punda, na mgeni aliye ndani ya malango. Sababu inayotolewa ni kwamba Waisraeli wenyewe walikuwa watumwa Misri, na Mungu akawatoa. Amri ya mapumziko ilitolewa kwa watu waliokuwa wamenyimwa mapumziko. Kwa hiyo mapumziko si zawadi ambayo mtu huinunua baada ya kufanikiwa. Maskini anayo haki nayo, tena kwa amri ya Mungu.

Hapo ndipo tulipoliona kosa letu. Tulikuwa tumesoma Aristotle, lakini basi letu lilipanga watu kama yeye: wenye nafasi ndani, wengine getini.

2. Kanisa linafundisha nini?

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1247, inawataka waamini washiriki Misa siku ya Dominika, na pia waache kazi zinazozuia ibada, furaha ya siku ya Bwana na mapumziko yanayostahili ya akili na mwili. Wengi wetu tunaijua sehemu ya kwanza ya kanuni hiyo. Sehemu ya pili tunaisahau, kana kwamba Dominika inaisha padre anapotoa baraka.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anakwenda mbali zaidi. Anasema ipo fadhila ya kucheza kwa kiasi, na anasimulia habari ya kale ya upinde: ukivutwa bila kulegezwa, mwishowe huvunjika. Anaongeza kwamba mtu asiyejua kabisa kucheza, anayewakatisha wengine furaha, naye ana kosa. Papa Yohane Paulo II aliandika waraka mzima juu ya siku ya Bwana, Dies Domini, mwaka 1998. Papa Fransisko katika Laudato Si', mwaka 2015, aliunganisha mapumziko ya Dominika na kujali uumbaji na maskini. Naye Bwana wetu, mitume waliporudi kutoka utumeni wakiwa wamechoka hata kukosa nafasi ya kula, aliwaita wakae pembeni wapumzike (Mk 6:31). Walikwenda kwa mashua.

Msomaji anaweza kuuliza: "Je, dereva wa bodaboda ambaye asipofanya kazi leo watoto hawali?" Kanisa halimhukumu. Katekisimu inatambua kwamba mahitaji ya familia ni sababu halali. Basi swali tulielekeze mahali pengine. Pikipiki nyingi jijini si mali ya wanaoziendesha. Dereva hupeleka hesabu kwa tajiri wake kila siku, na Dominika ikiwemo. Baadhi ya matajiri hao tunakaa nao benchi moja kanisani. Mwamini mwenye pikipiki akisamehe hesabu ya Dominika moja tu kwa mwezi, amempa mtoto wa mtu baba yake kwa siku nzima. Vivyo hivyo dada wa kazi za nyumbani: yeye ndiye mtumishi anayetajwa katika Kumbukumbu la Torati.

3. Twende wapi mwisho wa kipupwe?

Agosti hadi mwanzo wa Septemba ni wakati mzuri Mwanza. Mvua za vuli hazijaanza, njia za milimani ni kavu, asubuhi ina ubaridi wa kuvaa sweta. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa hili kwa mara ya kwanza akiwa kwenye kilima karibu na hapa, akalipa jina la malkia wake. Wasukuma waliliita Nyanza, na walikuwa wakilitazama siku zote bila kiingilio.

Tuanze na yasiyo na gharama. Miamba ni ya wote. Lile Jiwe la Bismarck, lililopewa jina la Kansela wa Ujerumani, linaonekana kutoka ufukweni karibu na kivuko cha Kamanga. Watoto watauliza nani aliyapanga mawe yale. Waelezeni kwamba hayakupangwa na mtu: mwamba mmoja mkubwa ulipasuka chini ya ardhi, maji yakaula katika nyufa kwa muda mrefu sana, kisha udongo ukasombwa na mawe yakabaki wazi yamebebana. Jua likishapanda, juu ya miamba ya jiji hutokea mjusi dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, akiinua na kushusha kichwa. Wanasayansi wamempa jina la mji wetu: Agama mwanzae. Mtoto akimwona mmoja atataka kumhesabu wa pili na wa tatu, na saa nzima imepita.

Usiku nao una matembezi yake, hata bila kutoka uani. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, kwa sababu taa zao huwavuta dagaa pale tu mwezi usipoangaza. Mwezi mpevu ukija, wengi hupumzika. Basi katika usiku wa giza familia inayokaa mlimani itoe mkeka nje, ijifunike khanga na blanketi, itazame taa zilizotanda ziwani kama mji mwingine. Asubuhi nenda na watoto Mwaloni Kirumba, waone samaki na dagaa wanaouzwa hadi nje ya nchi. Watajua kwamba kitoweo kilichomo sahanini kilimkesha mtu.

Baada ya Misa katika Kanisa Kuu la Epifania, Bugando, familia yaweza kupita hospitalini kwa saa ya kuwaona wagonjwa, hata kama haina ndugu pale. Na Igoma yapo makaburi ya ndugu zetu waliokufa katika meli ya MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu. Wengine watasema makaburini si mahali pa kupeleka watoto. Sisi tunaona kwamba mtoto wa ziwani anapaswa kujua kwamba ziwa linalisha na pia linachukua, na kujifunza kuwaombea marehemu akiwa ameshikwa mkono na mzazi wake.

Yako pia ya nauli ndogo. Kivuko cha Kamanga huvuka kwenda upande wa Sengerema. Familia ikienda na kurudi, watoto wamesafiri ziwani. Ukipanda daladala za Kisesa utafika karibu na Bujora, mahali ambapo Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, akishirikiana na kikundi cha Bana Cecilia, alikusanya nyimbo, ngoma na vyombo vya Wasukuma ili Injili isikike kwa sauti ya wenyeji. Makumbusho yana kiingilio, lakini kanisa lililojengwa kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma ni nyumba ya sala. Bujora ndiko kwenye sherehe ya Bulabo, iliyoanza pamoja na Sikukuu ya Ekaristi Takatifu, ambako Bagika na Bagalu hushindana kucheza. Babu na bibi wakiwemo safarini, somo litakuwa lao. Mwache mzee aeleze kila chombo kilifanya kazi gani.

Kisiwa cha Saanane, chenye jina la Mzee Saanane Chawandi aliyeishi pale akivua na kulima, kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964 na Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Safari ya boti ni fupi, ila kuna malipo. Hii iwe ya mara moja kwa mwaka, na jumuiya iweke akiba kidogo kidogo ili asibaki mtu.

4. Mambo ya kuzingatia

Kwanza, watoto wasiingie kuchezea maji ya ukingoni, hasa yaliyotulia yenye majani. Humo wamo konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na sehemu nyingine wamo mamba. Ziwa la kutazama linatosha.

Pili, chombo cha majini kipandwe chenye maboya ya kujiokolea na kisichojaza watu. Safari ya asubuhi ni bora kuliko ya alasiri, kwa kuwa upepo wa msimu huu huchafua ziwa kadiri jua linavyopanda.

Tatu, chakula kitoke nyumbani. Matobolwa, karanga na dumu la maji ya kunywa vinatosha familia nzima. Aliyekula nyumbani hasumbuliwi na harufu ya chipsi.

Nne, simu ya mzazi ikae mfukoni. Mtoto hajui tofauti ya baba asiyekuwepo na baba anayetazama simu.

Tano, kwa wanaopanga safari za parokia: msianze na bei. Anzeni na mtoto maskini kuliko wote katika orodha, mjiulize yeye ataweza kwenda wapi. Hapo ndipo wote mwende.

Hitimisho

Kabla likizo haijaisha tulitoka mara ya pili. Safari hii tulikwenda kwa miguu, watoto wote, na tuliwaalika wazazi. Tulikaa kwenye mawe tukala matobolwa. Miongoni mwa wazazi alikuwepo dereva mmoja wa bodaboda, mume wa yule mama, ambaye tajiri wake alimpa nusu siku. Mwanawe alikaa karibu naye akihesabu mitumbwi, na ilipokwisha akahesabu ndege, kisha mawe. Baba alinyamaza muda mrefu. Tulipokuwa tukirudi alituambia: "Sikujua kama huyu anaweza kuhesabu hadi mia."

Mtoto alikuwa darasa la pili. Walikuwa wanalala nyumba moja.

Mama yule alituuliza kama ziwa lina kiingilio. Tunamjibu: hapana, mama. Kilichokosekana ni saa mbili za baba, na hizo zilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Ndiyo maana Mungu hakuyaacha mapumziko yawe ushauri mwema tu. Aliyafanya amri.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, nani hapati Dominika ya kupumzika, na ni nani mwenye uwezo wa kumpa?
2. Je, kuna shughuli ya parokia ambayo mchango wake umewaacha watoto getini? Tufanye nini?
3. Kila familia itaje mahali pamoja pa kwenda kwa miguu kabla ya mvua za vuli, na siku itakayokwenda.