SOMO: Magari Sita na Ng'ombe Kumi na Wawili

Fungu la kusoma: Hesabu 7:1-9



Somo hili tumeliandika kwa sababu ya ulizo ambalo limetufikia zaidi ya mara moja kutoka kwa familia za kanisa letu huku Uvira. Baba na mama wana jipu. Waliinunua watoto wakiwa wadogo. Sasa watoto wamekua, mmoja yuko Bukavu, mwingine amevuka Bujumbura, na jipu inakaa uani na kuku wanalala chini yake. Wanasema: tuitoe kwa kazi ya Mungu, isaidie wagonjwa na maskini. Je, tufanye namna gani?

Wengi hawajui kwamba jambo hili limo katika Biblia. Fungua Hesabu, mlango wa 7. Siku ile Musa alipomaliza kuisimamisha maskani, wakuu wa Israeli walileta sadaka, na sadaka ile ya kwanza ilikuwa ya magari. Magari 6 yaliyofunikwa na ng'ombe 12. Kila wakuu wawili gari moja, na kila mkuu ng'ombe mmoja. Hayakuwa magari ya injini, sawa, lakini yalikuwa ya kubeba mizigo njiani, na njia ya jangwani haikuwa nzuri kuliko ile ya kwenda Fizi.

Sasa tazameni hesabu yenyewe. Gari moja, ng'ombe wawili. Wakuu hawakuleta magari matupu na kumwachia Musa kazi ya kutafuta cha kuyavuta. Walitoa gari pamoja na nguvu yake. Hapa ndipo wengi wetu tunaanguka. Tunatoa gari, ng'ombe tunabaki nao nyumbani.

Tuseme wazi yaliyotupata sisi wenyewe, maana mwalimu asiyeungama kosa lake anafundisha nusu. Miaka kadhaa iliyopita tulipokea jipu kutoka kwa familia moja. Ilikuwa jumapili kubwa. Ngoma zilipigwa, mama zetu walitandika vitenge chini, funguo zikawekwa mkononi mwa mchungaji. Tulisema: sasa wagonjwa wa upande huu wa kando ya ziwa wamepata ambulansi. Miezi michache ikapita. Gurudumu moja likapasuka, kisha betri ikafa, kisha tukaona kwamba mazutu ya kwenda na kurudi hospitali yalikuwa yanamaliza sadaka ya juma zima. Jipu ikasimama chini ya mwembe. Tulipotaka kuiuza, tukatazama karta roze: jina lililoandikwa ni la babu wa familia ile, aliyekwisha kufa, na wajukuu zake wengine hawakujua kabisa kwamba jipu imetolewa. Wakaja wanadai.

Katika muda ule, usiku mmoja, mtoto alishikwa na kipindupindu. Ninyi nyote mnaujua ugonjwa huu. Uko katika pwani yetu tangu miaka ya 1970, na hauna subira. Unaweza kumkausha mtu maji yote ya mwili na kumuua kwa saa chache tu, lakini akiwahi kunyweshwa maji ya chumvi na sukari, au kutundikiwa serumu, anapona. Kwa hiyo katika kipindupindu, barabara nayo ni dawa. Mtoto yule alibebwa juu ya moto, katikati ya motari na bibi yake, wakapita mbele ya mwembe wetu. Tunamshukuru Mungu, walifika na mtoto akapona. Lakini bibi aliporudi alituuliza: "Gari lile ni la nani?" Hakuna mtu kati yetu aliyeweza kumjibu.

Turudi katika fungu. Mstari wa 8 unasema Wamerari walipewa magari 4 na ng'ombe 8, chini ya mkono wa Ithamari, mwana wa Haruni kuhani. Musa alijua magari yako mikononi mwa nani. Jipu yetu haikuwa na Ithamari. Alikuwa mchungaji leo, kesho shemasi, kesho kutwa kijana yeyote anayejua kuendesha, na siku za arusi ilionekana mjini ikiwa na maua. Anayetoa gari ana haki ya kuuliza kabla hajatoa: Ithamari ni nani? Anaandika wapi safari na mazutu? Funguo zinalala wapi usiku? Katika mkoa huu ambao umeona vita baada ya vita, na ambamo gari ni kati ya vitu vinavyotafutwa kwanza na wenye silaha, ulizo hilo si la dharau.

Na Ithamari peke yake hatoshi, sharti karatasi nazo zihame. Kwa sheria ya nchi yetu, namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, mashirika yasiyo ya faida, pamoja na yale ya dini, hupewa utu wa kisheria. Ndipo yanaweza kuwa na mali kwa jina lao. Basi gari lisipewe mchungaji kwa jina lake, hata akiwa mtakatifu namna gani, kwa kuwa mchungaji naye ana warithi. Lipewe kanisa au kituo cha afya chenye karatasi. Wenye mali wote watie sahihi, mke na mume pamoja, na kama mwenye karta roze alikufa, warithi wote. Hati ya kutoa ipelekwe kwa notario. Watu husema mambo hayo ni ya serikali, si ya roho. Sisi tunasema kama zingefanyika siku ile ya ngoma, bibi angejibiwa.

Liko jambo lingine ndani ya fungu, na hili ni zito. Wagershoni walipewa magari 2 kwa sababu walibeba mapazia. Wamerari wakapewa mara mbili yake, kwa kuwa mbao, nguzo na vikalio vilikuwa vizito. Wakohathi hawakupewa hata moja! Je, Musa aliwachukia? Hapana. Kazi yao ilikuwa vitu vitakatifu, vya kubebwa mabegani. Baadaye, katika siku za Daudi, watu walilisahau neno hilo wakaweka sanduku juu ya gari jipya, na Uzzah akafa njiani (2 Samweli 6). Gari lilikuwa zuri, ila halikuwa la kazi ile.

Vivyo hivyo kwetu. Kutoka Uvira hadi Baraka, kilomita 90 hivi kando ya ziwa, jipu yenye miguu minne ina kazi. Lakini ndugu zetu wa vijiji vya milima mirefu, upande wa Bijombo, hushusha wagonjwa kwa kipoyi, juu ya mabega ya wanaume. Ukiwapelekea jipu, umewapa nini? Afadhali blanketi, buti za mvua, taa, na chakula cha wabebaji. Hata hapa mjini, usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na watu zaidi ya 40 kufa, kulikuwa na njia zilizojaa mawe na matope ambamo mabega yalipita na gari halikupita.

Kwa hiyo pengine sadaka iliyo bora ni kuuza jipu na kutoa bei yake. Huko Marekani familia nyingi hutoa magari yaliyotumika, na mara nyingi shirika linaloyapokea huyauza tu kwa mnada na kutumia feza. Wako waliotaja bei kubwa mno ili wapunguziwe kodi. Tangu 2005 sheria ya kule imebana, na kwa kawaida mtoaji huhesabiwa bei ile gari liliyouzwa kweli. Inaonekana kujidanganya juu ya thamani ya kitu kikuukuu hakuna rangi wala nchi.

Msamaria wa Luka 10 alitenda yote mawili. Alimpandisha mgonjwa juu ya mnyama wake mwenyewe, kisha akaacha dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, na kuahidi kulipa kitakachozidi. Tukadirie dinari zile kwa jipu: magurudumu, piesi, asiransi, mshahara wa dereva, mazutu ya mwaka mmoja. Familia isiyoziweza peke yake iungane na nyingine, kama wale wakuu wawili kwa gari moja.

Jipu ya chini ya mwembe iliuzwa mwishowe, warithi walipokubaliana, kwa bei ndogo ya chuma. Feza zile zilitosha kununua machela mbili na serumu kidogo kwa kituo cha afya.

Jumatano ijayo, baada ya maombi, tutajibu pamoja maulizo haya. Katika parokia yako, nani ni Merari na nani ni Kohathi? Katika nyumba yako, ng'ombe wa gari hilo wako wapi? Wenye jipu uani waje na karta roze, tuisome jina.