Kifua Kikuu: Makohozi Yanaposomwa kwa Vinasaba

Huenda umewahi kusikia habari ya namna hii. Mtu amekohoa miezi miwili, amepimwa makohozi, ameambiwa hayana kitu. Amerudi nyumbani na chupa ya dawa ya kikohozi. Miezi mitatu baadaye, amekonda na kutoka jasho usiku, anapimwa tena na kukutwa ana kifua kikuu. Je, aliyempima mara ya kwanza alidanganya? La. Alisema alichokiona.

Kijidudu cha kifua kikuu kilitangazwa na daktari Mjerumani, Robert Koch, mwaka 1882. Kwa zaidi ya miaka mia moja baadaye, njia kuu ya kukitafuta katika nchi kama yetu ilikuwa hadubini. Makohozi yanapakwa kwenye kioo, yanatiwa rangi, na mtaalamu anatazama. Ni njia ya bei ndogo na tusiidharau. Mpango wetu wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ulioanza mwaka 1977 kwa ushauri wa Dk. Karel Styblo, ulisimama juu ya hadubini, na utaratibu wake uliigwa baadaye na nchi nyingi.

Lakini hadubini huhitaji vijidudu kama 10,000 katika kila mililita ya makohozi ndipo vionekane kwa uhakika. Mililita ni kiasi kidogo, sehemu ya tano ya kijiko cha chai. Mwenye vijidudu vichache anapita bila kuonekana, na hasa watu wawili: mwenye virusi vya UKIMWI na mtoto mdogo. Njia nyingine ni kuotesha makohozi maabara, lakini kijidudu hiki ni kivivu mno. Hujigawa mara moja tu kwa karibu siku nzima, hivyo majibu huchukua wiki mbili hadi nane. Katika muda huo mgonjwa anaendelea kukohoa katika chumba kimoja na wanawe.

Hapo ndipo vinasaba vinapoingia. Kila kiumbe hubeba ndani yake maandishi ya urithi, na maandishi ya kijidudu cha kifua kikuu hayafanani na ya kijidudu kingine. Tatizo ni uchache wake: ni kama kutafuta punje moja ya uwele katika gunia la mtama. Mwaka 1983 Mmarekani Kary Mullis alibuni njia ya kuizidisha punje hiyo. Maandishi yanapashwa moto mpaka nyuzi zake mbili ziachane, yanapozwa, na kila uzi unajengewa mwenzake. Moja inakuwa mbili, mbili nne, nne nane. Baada ya mizunguko 30 punje moja imekuwa zaidi ya bilioni moja, na sasa haiwezi kujificha. Mullis alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993.

Kazi hiyo mwanzoni ilihitaji maabara kubwa na mikono yenye ujuzi. Kuifanya itoshe hospitali ya kawaida kulichukua miaka mingi ya kazi ya watu wengi. Fred Kramer na Sanjay Tyagi walitengeneza vipande vya vinasaba vinavyotoa mwanga vinapokutana na maandishi yanayotafutwa. Dk. David Alland wa New Jersey, pamoja na Dk. David Persing, bingwa wa vipimo vya maabara katika kampuni ya Cepheid, walikuwa miongoni mwa waliokiingiza kipimo chote ndani ya kikasha kimoja cha plastiki. Mashine inaitwa GeneXpert. Makohozi huchanganywa na dawa maalum, hukaa dakika 15, hutiwa katika kikasha, na majibu hutoka kwa muda wa saa mbili hivi. Huona vijidudu kama 130 katika mililita, na kikasha kipya kilichopitishwa mwaka 2017 huona hata 16. Shirika la Afya Duniani liliikubali mashine hii Desemba 2010.

Faida nyingine ni kubwa vilevile. Mashine husoma sehemu fupi ya herufi 81 katika maandishi ya kijidudu. Zikiwa zimebadilika, ni dalili kwamba dawa ya rifampisini haitamwua. Mgonjwa huyo hapewi dawa za kawaida, maana angezimeza bure. Hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, ilianza kutibu kifua kikuu sugu mwaka 2009, na tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa wengi wao matibabu ya vidonge vya miezi 6.

Je, mashine inatosha? Mbeya ilishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, pamoja na Afrika Kusini, Zambia na Zimbabwe. Wauguzi waliofundishwa siku moja tu waliweza kuitumia, na wagonjwa wengi zaidi walianza dawa siku ileile. Lakini baada ya miezi sita afya yao kwa jumla haikupita ya waliopimwa kwa hadubini, kwa sababu waganga walikuwa wakiwaanzishia wengi dawa kwa kuangalia dalili. Mganga mwangalifu bado ana thamani yake.

Sasa kwetu Singida. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, nenda ukapimwe. Wachimbaji wa Sekenke wasingoje hata hizo wiki mbili, maana vumbi la mawe hudhoofisha mapafu na kukipa kijidudu nafasi. Kama kituo chenu hakina mashine, uliza makohozi hupelekwa wapi na majibu hurudi siku gani. Toa makohozi kutoka ndani ya kifua, si mate, nawe ukiwa nje penye hewa. Mtoto asiyeweza kukohoa anaweza kupimwa kwa choo chake. Hilo lilipendekezwa mwaka 2020.

Kama umewahi kutibiwa kifua kikuu, mwambie mpimaji mapema. Mashine husoma maandishi hata ya kijidudu kilichokufa, na mabaki yake yanaweza kubaki kifuani muda mrefu. Kwa sababu hiyohiyo, anayeendelea na dawa hupimwa maendeleo yake kwa hadubini ileile ya zamani, wala asidhani amepuuzwa.