Kununua na Kutengeneza Msumeno wa Mnyororo Uliokwisha Tumika

Wengi wetu tunaosoma hapa ni watoto wa wakulima wa Ngara na Biharamulo, na hapana nyumba isiyohitaji mbao: za paa, za milango, za vitanda, na hata za majeneza. Siku hizi mbao hizo hupasuliwa kwa msumeno wa mnyororo, ambao mafundi wauita chenso. Mpya ni ghali, kwa hiyo wapasuaji wengi hununua uliokwisha tumika. Mjomba wangu alinunua mmoja hivyo, ukamtia katika taabu kubwa, nami nalishiriki katika kuutengeneza wakati wa likizo ya mwezi wa sita. Nimeona yafaa niyaandike niliyojifunza, maana najua wazazi wa baadhi ya wenzangu wanafikiri kununua kitu kama hicho.

Zamani mbao zilipasuliwa kwa msumeno mrefu wa watu wawili. Gogo liliwekwa juu ya shimo au juu ya jukwaa la miti, mmoja akasimama juu na mwenziwe chini, na yule wa chini ndiye aliyekula unga wa mbao mchana kutwa. Babu yangu alikuwa mtu wa chini. Msumeno wa mnyororo ulitoka Ulaya. Mwaka 1926 Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza mmoja wa umeme, uliobebwa na watu wawili, na mwaka 1950 kampuni yake ikatoa wa petroli unaochukuliwa na mtu mmoja. Husqvarna ya Sweden, iliyoanza kwa kutengeneza bunduki mwaka 1689, ilitoa wake wa kwanza mwaka 1959. Lakini kilichonipendeza zaidi ni habari ya meno ya mnyororo. Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa Oregon, Marekani, jina lake Joseph Cox, aliona buu akila kisiki. Akatazama sana, akaona kwamba buu yule hatafuni mbele moja kwa moja, bali hukata kushoto na kulia. Akaunda meno yanayokata namna hiyo hiyo, jino moja kushoto na la pili kulia, akaanza kuyauza mwaka 1947. Minyororo mingi ya leo imetokana na wazo lile. Buu kama hao tunao tele katika kuni za jiko la shule.

Miti ya kupasua nayo ina historia yake kwetu. Mwezi wa Aprili 1994 watu zaidi ya 200,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara kwa muda wa siku mbili hivi, wakakaa Benaco na katika kambi nyingine. Watu wengi hivyo hawana budi kupika, na vilima vikabaki vitupu. Walirudi kwao Desemba 1996, na baadaye miti mingi ikapandwa. Mikaratusi ya baba yangu ni ya miaka ile. Kwa hiyo kabla ya kununua msumeno, jambo la kwanza si msumeno bali ni miti: utakata miti ya nani? Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 hairuhusu mtu kuvuna katika msitu wa hifadhi bila kibali, na huku Biharamulo misitu ya miyombo na mininga iko karibu, inashawishi. Nenda kwa afisa misitu wa wilaya kwanza, umwulize habari za kibali na za msumeno wenyewe. Mtu aliyenunua msumeno kwa fedha ya ng'ombe, kisha akanyang'anywa porini, hana pa kulilia.

Sasa nieleze kununua. Mjomba aliununua wake kwa mtu aliyekuwa akipita na pikipiki, mahali nisipopataja. Uliwaka kwa mvuto wa kwanza, na mlio wake ulikuwa mkubwa, mjomba akafurahi. Hapo ndipo alipokosea. Muuzaji alikuwa ameuwasha kabla ya mjomba kufika, ukawa na moto tayari. Msumeno mbovu ukiwa na moto huweza kuwaka vizuri, lakini ukipoa hukataa. Basi ukienda kununua, ushike kwa mkono kabla hujaambiwa lolote. Ukiwa wa moto, kaa, omba maji ya kunywa, zungumza habari za mvua, ngoja upoe.

Ukisha poa, inua msumeno kwa kushika kamba ya kuwashia peke yake, uache uning'inie. Injini yenye nguvu huizuia kamba, na msumeno hushuka polepole kwa kushtuka-shtuka. Ukishuka upesi kama ndoo ya kisimani, ndani mmekwisha liwa. Kisha omba spana, ufungue bomba la moshi. Ni skrubu chache tu. Nyuma yake lipo tundu la silinda, na kwa tundu hilo waweza kuiona pistoni ukiimulika kwa tochi. Pistoni nzima hung'aa, na ringi yake hutembea huru. Pistoni iliyoungua ina mistari ya kusimama, kama ukuta uliokwaruzwa na paka. Muuzaji akikataa usifungue bomba la moshi, mshukuru, uende zako. Yapo pia mambo ya kawaida: tikisa gurudumu linalozungusha mnyororo uone kama beringi zimelegea, tazama kama lile bapa la chuma linalobeba mnyororo limepinda, soma namba iliyopigwa katika mwili, uone kama imefutwa kwa tupa, na udai hati ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, isije ikawa umenunua mali ya wizi. Jueni pia kwamba ile misumeno mikubwa ya Stihl 070, inayopendwa sana na wapasuaji, ina mifano mingi ya kuigiza. Mfano si lazima uwe mbaya, lakini usiulipie bei ya asili.

Msumeno wa mjomba ulifanya kazi majuma mawili, ukazimika katikati ya gogo. Mjomba akaupeleka kwa fundi mmoja, akatiwa pistoni mpya. Fedha aliyolipia haikuwa yake. Mama mmoja mjane wa kijijini alikuwa amemlipa fedha ya mbao za paa, naye aliitumia akitumaini kuirudisha kwa kazi. Siku ya tatu pistoni mpya nayo ikaungua. Nilipofika likizo nalimkuta mama yule amekaa mlangoni kwa mjomba, hasemi neno, na kuta za nyumba yake zimesimama bila paa. Mvua zetu huanza mwezi wa tisa, na tofali mbichi haziwezi kuvumilia.

Tukauchukua msumeno ndani ya gunia hadi Biharamulo kwa fundi mmoja mzee. Mjomba alipomaliza shikamoo na maelezo yake, mzee akasema, "Pistoni haifi yenyewe, mwanangu, huuawa. Tumtafute kwanza aliyeiua." Akanitazama mimi. "Na wewe mjukuu, unasoma sayansi? Keti hapa."

Akanieleza hivi. Injini ya gari ina bakuli lake la oili. Injini ya msumeno haina, maana msumeno hulazwa ubavu na kugeuzwa huku na huku, oili ingemwagika. Kwa hiyo oili huchanganywa ndani ya petroli. Mchanganyiko huo hupita chini kwanza, penye krenki, ukalainisha beringi na ukuta wa silinda, ndipo hupanda juu kuungua. Basi vitu viwili huua pistoni: petroli isiyo na oili ya kutosha, au hewa inayoingia mahali pasipo pake. Hewa ikizidi, mafuta huwa haba, na oili iliyo ndani yake huwa haba vilevile, na moto huzidi.

Mjomba aliapa kwamba alichanganya oili sawasawa. Mzee hakubishana naye. Aliziba tundu la kabureta na tundu la moshi kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, akaunganisha pampu ya baiskeli penye tundu la plagi, akanipa povu la sabuni nipake injini yote kwa brashi. Akapiga pampu kidogo tu, kwa maana hewa nyingi ingetoboa kitu kizima. Napaka, natazama, hapana kitu. Tulipofungua gurudumu la sumaku na kupaka nyuma yake, mapovu madogo yakaanza kutoka pembeni mwa krenki, moja baada ya moja. Ile sili ya mpira inayozuia hewa ilikuwa imekauka na kupasuka. Kila mara injini ilipovuta, ilivuta hewa hapo. Bei ya sili ilikuwa ndogo kuliko nauli yetu ya kwenda Biharamulo.

Kazi iliyobaki ilikuwa kusafisha silinda, maana pistoni iliyoungua ilikuwa imeacha alumini yake imeganda ukutani. Hapa nalijiona mwerevu. Katika Kemia tumejifunza kwamba alumini huliwa na asidi na huliwa na alkali pia. Nikamwendea mwalimu mmoja wa Kemia akaaye karibu na kwetu, nikamwomba ushauri juu ya asidi ya haidrokloriki. Akacheka, akaniuliza silinda yenyewe imetengenezwa kwa kitu gani. Nikanyamaza. Mwili wa silinda ni alumini vilevile, na ukuta wa ndani ni ngozi nyembamba tu ya chuma kigumu; penye ufa, asidi ingepita na kula nyumba pamoja na uchafu. Basi tukatumia msasa laini wenye maji, kwa kidole, siku mbili. Kidole changu kilikuwa cheusi mpaka nilipofungua shule. Pistoni ya tatu na ringi zake mzee alitukopesha, na mjomba aliacha baiskeli yake kama rehani.

Mambo madogo nayapita upesi: chujio la hewa lilioshwa, plagi ikapimwa nafasi yake nusu milimita, kiwambo cha kabureta kilichokakamaa kikabadilishwa, na mpira wa petroli ukawekwa mpya.

Juu ya kuchanganya mafuta nataka nikae kidogo, kwa kuwa wengi hukisia kwa macho. Kitabu cha msumeno au kopo la oili huonyesha kipimo. Kipimo cha 1 kwa 50 maana yake ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli. 1 kwa 25 ni mililita 40. Kwa dumu la lita 5 ni 100 au 200. Kofia ya chupa si kipimo. Mimi nalimpa mjomba bomba kubwa la sindano la kuchanjia mifugo, lisilo na sindano, lenye alama za mililita. Na oili iwe ya injini za namna hiyo, si oili iliyomwagwa kutoka katika lori.

Mnyororo nao una elimu yake. Wetu ni mkubwa, hunolewa kwa tupa ya mviringo ya milimita 5.5, kwa mwelekeo wa nyuzi 30, ukisukuma upande mmoja tu, na kila jino lipate misukumo sawa. Ukinoa meno ya kulia zaidi, mbao hupinda. Msumeno butu hutoa unga. Mkali hutoa vipande kama vya mche wa sabuni uliokwanguliwa.

Kuna hasara moja ambayo wapasuaji hawapendi kuisikia. Njia ya msumeno huu ni pana, yapata milimita 10, hali ule wa mkono wa babu ni kama milimita 4. Chukua gogo lililochongwa hadi unene wa milimita 350, ulipasue mbao za milimita 25. Msumeno wa mkono hutoa mbao 12. Wa mnyororo hutoa 10. Mbao mbili zimekuwa unga. Nalimwonyesha mjomba hesabu hiyo katika daftari, akasema kwamba babu alihitaji siku mbili na yeye anahitaji saa moja. Wote tulikuwa na haki.

Mzee hakutupa msumeno mpaka mjomba alipomwahidi mambo matatu: kutofanya kazi peke yake, kuvaa viatu vigumu na kofia, na kutogusa mti kwa pembe ya juu ya ncha ya bapa. Pembe hiyo ikigusa, mnyororo hupanda badala ya kukata, na msumeno wote huruka kumrudia mwenyewe usoni. Misumeno mingi ya zamani haina breki ya kuuzuia mnyororo. Mzee mwenyewe alifungua shati akatuonyesha bega lake.

Siku ya kutembelewa, mwezi wa tisa, mama alinieleza kwamba mbao za mjane zilitimia na bati zimepigwa, upande mmoja kabla ya mvua ya kwanza na upande wa pili baada yake. Baiskeli bado iko Biharamulo. Mjomba hupima oili kwa bomba la sindano kila asubuhi, lakini kofia, asema mama, ameitundika ukutani.